Kabla Hujaisifu Propela Mpya

Ndugu zangu wajenzi wa ndege, nashukuru kwa nafasi. Wengi wenu mmekwishanisikia nikisema haya, na leo nayarudia, kwa sababu wiki iliyopita simu ililia saa tatu usiku. Mwenzetu mmoja, ndege kaijenga kwa mikono yake, injini Rotax 912 ULS, kang'oa propela ya mbao ya mapanga mawili, kafunga ya kaboni ya mapanga matatu. "Mzee, nimeongeza noti 8!" Ni kasi hiyo: noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa.

Tupige hesabu pamoja. Ndege yake ilikuwa ikienda noti 100. Kasi ikiongezeka kwa asilimia 8, nguvu haiongezeki kwa 8. Inakwenda kwa kipeo cha tatu: 1.08 mara 1.08 mara 1.08, unapata 1.26. Anadai zaidi ya robo ya nguvu ya ziada. Sasa, propela nzuri ya mbao hugeuza takriban asilimia 80 ya nguvu ya injini kuwa kazi ya kuisukuma ndege. Zidisha 80 kwa 1.26: unavuka 100! Propela inayotoa zaidi ya ilichopewa haijachongwa bado, wala haitachongwa.

Naona mkono huko nyuma. "Lakini GPS ilionyesha." Sikatai. Ndiyo maana nilimuuliza swali moja: injini ilizunguka mara ngapi kwa dakika, kabla na baada? Kimya. Akaenda kufungua daftari. Ile ya mbao ilikuwa na mwinamo mkali, hiyo mnayoiita pichi, ikaikaba injini isivuke 5,000 hata mafuta yakifunguliwa yote. Ya kaboni aliifunga kwa mwinamo mdogo, injini ikafika 5,500. Jamani, hapo hajapima propela! Amepima nguvu za farasi ambazo injini ilikuwa nazo siku zote, propela ya zamani ikazifungia zizini. Angeipunguza pichi ya mbao kwa kuichonga upya, sehemu ya zile noti angeipata bila kununua kaboni. Kila mara nauliza mizunguko, na kila mara naletewa kasi peke yake. Inanichosha.

Nimesema sehemu, kwa sababu kilichobaki ni upepo: GPS hupima kasi juu ya ardhi, si kasi hewani. Alipima safari moja, upande mmoja. Wengine mtaniambia: mimi naenda na kurudi, nagawanya kwa mbili. Ni afadhali, ila upepo wa ubavuni hautoki kwa kugawanya. Shika pua upande mmoja, halafu geuka uelekee ulikotoka. Kasi yako hewani noti 100, upepo wa noti 15 unakupiga ubavuni. GPS itasoma 101 kwenda na 101 kurudi. Umepewa noti 1 ya bure, na tofauti ya kweli kati ya propela mbili nzuri mara nyingi ni noti 2 au 3 tu. Ruka pande tatu, kila upande andika kasi na mwelekeo wa njia ya ndege juu ya ardhi, ndipo hesabu itautoa upepo wote.

Halafu hewa yenyewe. Uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, uko futi 5,500 na ushei juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 25, hewa pale ni nyepesi kama ya karibu futi 8,000 katika vipimo vya kimataifa. Namba uliyoipata Mombasa, pwani kabisa, usiiweke safu moja na ya Nairobi kabla hujaisahihisha.

Kupanda kwa ndege kunapimwa kwa kuangalia saa, futi 1,000 zilezile, mafuta yaleyale tangini. Uzito wa propela na mzigo wake kwenye gia ya Rotax nilikuwa na mengi ya kusema, lakini mratibu amekwisha kusimama.

Mwenzetu yule anaruka tena Jumapili alfajiri, kabla upepo haujaamka. Mapanga ya kaboni ameyageuza kwenye kitovu, akaongeza mwinamo mpaka injini ishike 5,000, kama ilivyokuwa na mbao. Akirudi na noti 2 za kweli, mimi ndiye nitakayempigia simu, hata iwe saa tatu usiku.