Karo Lisilojaa

Assalaam aleikum. Wazee wangu wa Jambiani, mama zangu, vijana, nashukuru mmefika. Habari ya mvua kuzama ardhini ikawa maji ya kisima mmesomeshwa skuli, sitairudia. Nimekuja kwa jambo moja, na wanaonijua wanajua nalisema kila nikipewa nafasi: karo, yaani shimo la maji machafu ya choo, lisilojaa.

Mtu akijenga maweni, kwenye ardhi ya jiwe kama hii yetu, fundi wa karo huchimba mpaka avunje jiwe akutane na mwanya. Hapo watu hufurahi! Nimekaa barazani nikamsikia mzee mmoja, kijiji sikitaji, akijisifu: "Karo langu mwaka wa 15 huu halijajaa, wala sijaita gari la kunyonya maji machafu." Nikamuuliza, nyumbani mko wangapi? Akasema 11. Nikamuuliza, sasa maji machafu yote hayo yamekwenda wapi? Akanyamaza. Kisha akageuka taratibu akakitazama kisima chake, hatua 20 hivi kutoka pale, mjukuu wake anateka.

Ndugu zangu, hayakupotea. Jiwe letu hili ni matumbawe ya kale, limejaa matundu na mapango. Penye mchanga mzito, maji ya mvua hushuka polepole, kama tui kwenye kifumbu cha kuchujia nazi. Taka zinanasa, vijidudu vinashikwa humo siku nyingi hadi vife, vyengine vinaliwa na vijidudu vya udongo wenyewe. Maji yakifika chini yameshachujika. Sisi hapa tuna udongo wa kufunika unyayo tu, kisha jiwe. Kifumbu hatuna. Tunamimina tui na machicha yake.

Mnaona natia chumvi? Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, ngojeni ijae, teremsheni ndoo kwenye kisima kilicho karibu na pwani, ikigusa maji fungeni fundo kwenye kamba, usawa wa ukingo. Rudini bahari ikipwa: kamba itashuka zaidi ya fundo. Bahari iko kule nje na inakisukuma kisima kupitia jiwe. Basi karo lililo nyuma ya jiko lishindwe?

Najua mtaniambia, "Sisi twachemsha." Chemsheni, wala msiache, moto unaua kipindupindu. Lakini kinyesi na mkojo huacha majini kemikali iitwayo naitreti, na hiyo haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Anayeumia kwanza ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga, damu yake inashindwa kubeba hewa. Na tafadhali, asiniambie mtu kwamba maji ya kisima chake ni meupe! Naitreti haina rangi, haina harufu, haina ladha ya kukushtua.

Mwengine atasema mafundi wanaacha mita 30 kati ya choo na kisima. Mita 30 za mchanga, sawa. Mita 30 za pango ni bomba.

Karo lisakafiwe chini na ubavuni, lisivuje, likijaa linyonywe. Ni gharama, najua. Changieni nyumba tatu karo moja.

Muda unanikimbia. La visima kuingia chumvi nilipitie tu: maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya bahari. Kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini yake. Pampu ikiishusha ile moja, chumvi inapanda kuzifuata zile 40. Wenye pampu kubwa wavute kidogo kidogo, wapumzishe kisima. Na mchanga unaochimbwa kwa malori kule Donge, kaskazini ya Unguja, hicho ndicho kifumbu kinachobebwa. Hilo lataka siku yake.

Alasiri inaingia. Nimekuja na kamba ya mita 50. Baada ya sala nataka vijana sita, tuanzie kisima cha msikiti, tupime hadi kila karo linalokizunguka, na kila mwenye nyumba tumuulize: gari la kunyonya lilikuja lini mara ya mwisho?