Si Ukaidi, ni Dawa Kuchelewa

Wazee wangu, mama zangu, asanteni kwa kufika. Mimi ni muuguzi, lakini ugonjwa wa Parkinson niliufahamu kwa kumuuguza baba yangu, hapahapa mjini kwetu Bombo, Uganda.

Ulianza mkono wa kulia. Akikaa tu, ameuweka pajani, unatetemeka. Akishika kikombe, unatulia kidogo. Majirani wakanong'ona: obuko. Neno hilo mnalijua, eti ni adhabu ya kuvunja heshima kati ya mtu na mkwewe. Baba akawa anauficha mkono ndani ya kanzu, hata msikitini. Miaka miwili ikapotea kwa aibu. Jamani, si mkwe, si jini, wala hauambukizi. Ubongoni kuna seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia mwili kwenda bila kukwama, na seli hizo zinakufa polepole. Daktari James Parkinson alishaueleza mtetemeko huu London mwaka 1817, naye aliwaona wagonjwa wake huko huko Uingereza. Obuko ungefikaje kule?

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Ya kupunguza dalili ipo, levodopa, ambayo ikifika ubongoni inageuka kuwa dopamini. Dawa hii ina saa zake. Protini hugombania nayo njia, kwa hiyo ukimmezesha pamoja na maharage au chai ya maziwa, huenda isimfae sana. Baba tulimpa kwa maji, nusu saa kabla ya kula. Alipolazwa hospitali moja, wakampa kwa zamu ya wodi badala ya saa zake. Kufika jioni hawezi hata kujigeuza kitandani, na mhudumu akamwita mkaidi. Neno lile linaniuma mpaka leo.

Nyumbani pia alikuwa akikwama mlangoni, miguu kama imegandia sakafuni. Shangazi akamvuta mkono. Nikamwambia, shangazi, mwache, utamwangusha. Nikailaza fimbo yake mbele ya vidole vya miguu. Akaitazama, akainua mguu, akaivuka, akaendelea mpaka barazani. Jicho likipata kitu cha kuvuka, mara nyingi mguu huachia.

Uso ukikakamaa, msidhani amenuna. Akipaliwa, mkalisheni wima, matonge yawe madogo. Na dawa msiikatishe ghafla bila daktari, hata ikiwa imebaki kidogo na hela hakuna, semeni mapema.

Mama mwenye leso ya kijani, nimekuona umenyoosha mkono tangu mwanzo. Karibu, uliza.