Baker Street: Wimbo Uliozaliwa Katikati ya Kesi

NEEMA: Karibu tena, msikilizaji. Leo tuko na wimbo wa 1978, Baker Street wa Gerry Rafferty. Hata kama jina la mwimbaji hulijui, saksofoni ile unaijua.

SALUM: Na mimi niseme mapema, dada Neema. Kwangu huu ni wimbo wa mtu aliyechoshwa na mawakili. Saksofoni inafuata baadaye.

NEEMA: Haya, anzia hapo basi.

SALUM: Rafferty ni Mskoti, kazaliwa Paisley, jirani na Glasgow, mwaka 1947. Mwanzoni mwa miaka ya 70 anaunda bendi na mwenzake Joe Egan, wanaiita Stealers Wheel. Mwaka 1973 wanatamba na Stuck in the Middle with You. Bendi inakuja kuvunjika 1975, na hapo balaa la mikataba linaanza. Kila mtu anamshtaki mwenzake. Miaka mitatu Rafferty hawezi kutoa hata wimbo mmoja.

NEEMA: Miaka mitatu kwa mtu aliyetoka kuvuma ni mingi mno, kaka. Watu wanakusahau.

SALUM: Wanakusahau, na huku tungo zinakujaa kichwani. Mawakili wako London, yeye kwao Skoti. Basi ni treni ya usiku kutoka Glasgow, vikao vya mawakili, kisha safari ya kurudi. Hata albamu yenye wimbo huu inaitwa City to City, yaani jiji hadi jiji. Akiwa London anafikia kwa rafiki yake mwenye kifleti karibu na mtaa wa Baker. Wanakesha wawili, maongezi na gitaa.

NEEMA: Ukiyafuatilia mashairi, ndicho kilichomo. Ubeti wa kwanza kuna mtu anatembea mtaani, kichwa chepesi, miguu imechoka, usiku ataumalizia kwenye pombe. Jiji limejaa watu lakini halina utu. Ubeti wa pili anakuja rafiki anayeota kununua kiwanja, aachane na ulevi, atulie. Na wewe msikilizaji unajua hatatulia.

SALUM: Halafu kunakucha, jua linawaka, mtu anarudi nyumbani. Mashauri yalikuwa yanamalizika ndipo wimbo ukatoka. Ile furaha ya mwisho si ya kubuni.

NEEMA: Sasa niachie saksofoni yangu. Hebu tazama jinsi wimbo ulivyojengwa: hauna kiitikio cha kuimba. Pale unapotegemea watu waitikie, mwimbaji ananyamaza na saksofoni inaingia. Rafferty anaimba taratibu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha watoto. Saksofoni ndiyo inayolia kwa niaba yake. Ukiitoa, unabaki na huzuni isiyo na pa kutokea.

SALUM: Mpigaji ni Raphael Ravenscroft. Walirekodi studio ya Chipping Norton, Oxfordshire, na prodyuza Hugh Murphy. Ravenscroft aliitwa kupiga kipande kifupi tu, tena kwa saksofoni ya soprano, ile ndogo yenye sauti ya juu. Akasema ana alto, saksofoni yenye sauti nzito kidogo, kwenye gari, aijaribu hiyo. Ndiyo hiyo unayoisikia hadi leo.

NEEMA: Akalipwa ngapi?

SALUM: Pauni 27. Tena inasimuliwa hundi yenyewe ilikataliwa benki.

NEEMA: Hapo ndipo ninapoumia. Wimbo umefika nafasi ya 3 Uingereza. Marekani umekaa nafasi ya 2 wiki sita, umezuiwa na Shadow Dancing ya Andy Gibb peke yake. Albamu imeing'oa ile ya nyimbo za filamu ya Saturday Night Fever kileleni Marekani. Na aliyeupa wimbo ile sauti, 27!

SALUM: Lakini tuwe wa haki, dada. Miaka mingi Ravenscroft alidai kipande kile alikibuni mwenyewe. Mwaka 2011 albamu ikatolewa upya, na ndani yake imo demo ya Rafferty, yaani rekodi ya majaribio. Sikiliza pale: muziki ni uleule, unapigwa na gitaa. Kwa hiyo utunzi ni wa Rafferty.

NEEMA: Utunzi sibishani nao. Weka ile demo, kisha weka wimbo wenyewe. Gitaa linapita tu, saksofoni inakusimamisha. Mtunzi apate mirabaha yake, sawa, ila mpigaji aliyeufanya wimbo utambulike kwa noti mbili tatu za mwanzo kulipwa mara moja na kwaheri, kwangu huo ni uonevu, hata kama ndiyo desturi ya studio.

SALUM: Na unajua mwenyewe hakuipenda? Ravenscroft alisema hadharani kwamba inamkera kuisikia, kwa sababu noti zake ziko chini kidogo ya zinavyotakiwa.

NEEMA: Mimi hapo hapo ndipo napopenda. Ingenyooka sana isingeuma.

SALUM: Tumalizie na Rafferty, maana umaarufu ulipofika hakuutaka. Marekani walikuwa wanamsubiri, akakataa kwenda kufanya ziara. Na kuna jambo la utotoni. Baba yake alikuwa mlevi. Baba akirudi amelewa, mama alimchukua mtoto wakazunguka mitaani hadi mzee asinzie. Mimi nikisikia mtu anatembea mtaani kwenye wimbo huu, namwona huyo mtoto na mama yake.

NEEMA: Na pombe ikamfuata na yeye.

SALUM: Ikamfuata. Alifariki 4 Januari 2011, ini limeshindwa, ana miaka 63. Yule rafiki wa ubeti wa pili anayesema ataacha, mimi siamini tena kwamba ni rafiki.

NEEMA: Nami siamini. Tuuweke sasa, lile toleo la albamu la dakika 6 hivi. Mkifika mwishoni sikilizeni gitaa la Hugh Burns, watu hulisahau, na halistahili kusahauliwa.