Droni juu ya Jiwe la Bismarck haitoshi

Mwangaluka, ndugu zangu wa Mwanza! Na ninyi wa Sengerema, Ukerewe, Magu, karibuni tena. Leo niko Chicago, barabara ya Blue Island. Hilo jengo nyuma yangu lenye milango mikubwa ni kituo cha zimamoto, Engine 18. Wanaofuatilia tamthilia ya Chicago Fire wameshalitambua. Kwenye tamthilia ndicho kituo namba 51. Lakini ni kituo cha kweli kabisa, ndiyo maana nimesimama huku ng'ambo. Kengele ikilia magari yanatoka, watu wa tamthilia wawepo wasiwepo.

Kila nikiweka video ya Ziwa Michigan mnaniambia, "Mbona kama kwetu?" Ziwa hili lina kilomita za mraba kama 58,000. La kwetu, Victoria, lina takriban 68,800. Kwa eneo tumewazidi, na kwa miamba hawatusogelei. Sasa kwa nini jiji hili liko kwenye runinga dunia nzima, na Mwanza tukionekana ni sekunde kumi za droni juu ya Jiwe la Bismarck, lile jiwe letu maarufu ziwani, halafu hadithi inarudi Dar?

Kaka na dada zangu wakubwa wanaikumbuka ER, ile ya madaktari, 1994 hadi 2009. Hadithi ni ya hospitali ya Chicago. Ile hospitali lakini ilijengwa studio huko Burbank, California. Waigizaji walikuja hapa mara chache kwa mwaka, wakashuti kwenye madaraja na chini ya reli ya juu, wakapanda ndege wakaondoka. Jiji likapata sifa, na fundi seremala wa Chicago hakupata hata msumari wa kupigilia.

Chicago Fire ilipoanza mwaka 2012 mambo yalikuwa tofauti. Mwaka mmoja kabla, upande wa magharibi wa jiji, ilifunguliwa studio ya Cinespace ndani ya kiwanda cha zamani cha chuma cha Ryerson. Kazi ya chuma ilishaondoka, zikabaki kuta nene na dari za juu, mahali unapoweza kujenga nyumba nzima ndani, ukafunga taa, mvua ya nje isikuhusu. Na serikali ya jimbo, Illinois, inatoa punguzo la kodi kwa anayeshuti hapa. Kwa miaka mingi lilikuwa asilimia 30 ya alichotumia ndani ya jimbo, pamoja na mishahara ya wakazi. Ukimwajiri mtu wa eneo lenye umaskini mkubwa, unaongezewa asilimia 15 ya mshahara wake. Naomba viongozi wetu wasikie hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalomfikia kijana wa mtaani.

Chicago P.D., ile ya polisi, ikafuata mwaka 2014, na Chicago Med, ya madaktari, 2015. Hata Empire, ambayo hadithi yake ni ya New York, ilishutiwa hapa. Yaani jiji lilishakuwa na mafundi wa taa, washonaji, madereva, wapishi wa seti, watu wa kutosha mpaka hadithi ya mji mwingine inaletwa kwao itengenezwe. Na kwenye Chicago Fire, baadhi ya wale mnaowaona kwenye gari la zimamoto ni askari wa zimamoto kweli. Ofisa wa zimamoto wa jiji ndiye alikuwa akiwaelekeza waandishi moto unakwendaje, mlango unavunjwaje. Mkazi wa hapa akitazama haoni kituko.

Sisi Wasukuma tukiingia kwenye tamthilia mara nyingi tunaingia kama watu wa kuchekesha. Lafudhi inavutwa, mtu anashangaa lifti, basi. Inaniuma. Mama yangu mdogo anauza dagaa Mwaloni, anafanya biashara na watu wanaotoka Kongo, anajua bei ya Bukavu kabla hajanywa chai. Huyo mama yuko kwenye tamthilia gani?

Na filamu inayoitambulisha Mwanza nje mpaka leo ni Darwin's Nightmare ya mwaka 2004, ya Hubert Sauper, ile ya sangara na ndege za mizigo. Ilifika mpaka kwenye orodha ya Oscar. Rais Kikwete aliikemea hadharani mwaka 2006, watu wakaandamana Mwanza. Nawaelewa walioandamana. Lakini kukemea hakujazi nafasi. Mgeni alikuja, akachukua alichokitaka, akaenda, na sisi hatujaweka chetu pembeni yake kikakaa.

Hadithi tunazo nyingi mno. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji. Safari iliyokuwa ya kusubiri kivuko sasa ni dakika chache. Vizuri sana. Lakini yule dada aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga kwa abiria wa foleni ya kivuko, leo anamuuzia nani? Mume wake labda amepata kibarua upande wa pili, yeye hataki kuhama. Hapo kuna msimu mzima, na huwezi kuuandika ukiwa Sinza, Dar. Lazima uwe umesubiri kile kivuko na mtoto mgonjwa mgongoni.

Watu tunao pia. Chuo kikuu cha SAUT pale Nyegezi kinafundisha utangazaji na uandishi wa habari miaka yote hii, vijana wanahitimu, wanapanda basi la Dar kwa sababu kazi ziko huko. Chaneli za tamthilia zipo, Azam wana Sinema Zetu, kuna Maisha Magic Bongo, na zinahitaji vipindi kila wiki. Kinachokosekana ni jengo. Usukuma ni nchi ya pamba. Maghala na vinu vya zamani vipo, vingine vimefungwa kufuli. Halmashauri ya Jiji na Manispaa ya Ilemela wangetenga ghala moja tu, kibali cha kushuti mitaani kikatoka kwenye dirisha moja baada ya kile cha Bodi ya Filamu, mwongozaji asizungushwe ofisi nne kwa siku ya kushuti Mabatini.

Nimeshaongea na wenzangu wawili hapa, mmoja fundi wa sauti, mwingine mjenzi wa seti. Wako tayari kufundisha bure kwa video. Kwa hiyo mwenye ghala Igogo, Kirumba au Nyakato, lenye umeme wa njia tatu, paa lisilovuja na choo, aniandikie leo. Atume na picha za ndani.