Schiller Mikononi mwa Wengine: Mhadhara kuhusu Athari za Tamthilia na Ushairi wa Kijerumani

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa,

Utunzi wa Kijerumani unapotajwa, jina la kwanza kuja midomoni mwa watu ni Goethe, nami sina ugomvi na hilo. Hata hivyo, leo naomba nimtangulize rafiki yake wa mji wa Weimar, mtunzi wa tamthilia na mashairi Friedrich Schiller, kwa kuwa kazi zake ndizo zilizogombaniwa zaidi baada ya kifo chake mwaka 1805. Walimu wa shule, wanamapinduzi na madikteta, kila mmoja alidai kwamba Schiller ni wake. Na kwa maoni yangu ni ugomvi huo, kuliko masanamu aliyosimamishiwa, uliozipa kazi zake umri mrefu.

Mwenyewe alianza utunzi kwa kukimbia mamlaka. Tamthilia yake ya kwanza, Die Räuber (Wanyang'anyi), ilipooneshwa Mannheim Januari 1782, alikuwa daktari wa jeshi chini ya Mtawala Karl Eugen wa Württemberg, na alikwenda kuitazama bila ruhusa. Aliporudia kosa hilo aliwekwa kizuizini siku 14, kisha akakatazwa kuandika tamthilia, na mwezi Septemba akatoroka Stuttgart usiku.

Naomba tukae kidogo na Wilhelm Tell, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Weimar mwaka 1804. Gessler, anayetawala kwa niaba ya ukoo wa Habsburg, ametundika kofia juu ya mlingoti na kuamuru kila apitaye aipe heshima. Tell, mpiga mishale wa Uswisi, anapita bila kujali, na adhabu anayopewa ni kulipiga kwa mshale tufaha lililowekwa kichwani mwa mwanawe. Analipiga. Lakini Gessler amekwisha kuona kwamba mpiga mishale huyu alichomoa mshale mwingine na kuuficha, naye anataka kujua ulikuwa wa nini. Tell anazungukazunguka, mpaka anapoahidiwa kwamba hatauawa ndipo anaposema wazi kuwa, lau angemuumiza mtoto, mshale wa pili ungemwendea Gessler, na huo usingekosa. Baadaye anamvizia njiani na kumuua. Schiller aliujua uzito wa jambo hilo, ndiyo maana katika sehemu ya mwisho anamleta muuaji mwingine, aliyemuua mfalme kwa uchu wa mamlaka, ili tuone tofauti kati ya wawili hao. Kisanaa onyesho hilo limepwaya, kwani linahubiri; kisiasa ndilo linaloonesha jinsi mtunzi alivyokuwa na wasiwasi na moto aliouwasha.

Moto huo ulisambaa mbali. Schiller hakuwahi kufika Uswisi, lakini Waswisi waliipokea tamthilia hiyo kama simulizi ya kuzaliwa kwa taifa lao. Mtunzi wa muziki Rossini aliigeuza opera huko Paris mwaka 1829. Mwaka 1886 José Rizal, Mfilipino aliyekuwa akiishi Ujerumani, aliitafsiri kwa Kitagalog, na msomaji wa nchi iliyokuwa chini ya Wahispania hakuhitaji kuelezwa kofia ile ni ya nani. Rizal alipigwa risasi na Wahispania mwaka 1896.

Huko Ujerumani kwenyewe, Wanazi walianza kwa kuishangilia Wilhelm Tell: kiapo kilichomo cha wanavijiji wanaoungana kuwa ndugu kiliwafaa katika hotuba zao. Mwaka 1941 Hitler akaagiza isioneshwe tena wala kufundishwa shuleni, maana tamthilia inayomtetea anayemuua dhalimu haikai salama katika nchi ya dikteta. Don Carlos, tamthilia yake nyingine, nayo iliwatia tumbo joto. Ndani yake Marquis Posa anasimama mbele ya Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania na kumsihi awape watu uhuru wa kufikiri. Katika kumbi za miaka ya 1930 hadhira ilipiga makofi mahali hapo hapo, na ilikuwa vigumu kumkamata mtu kwa kumshangilia mtunzi ambaye serikali yenyewe ilimtukuza.

Kuna pia athari tulivu zaidi, ya lugha ya kila siku. Kwa vizazi kadhaa wanafunzi wa Kijerumani walikaririshwa Das Lied von der Glocke (Wimbo wa Kengele), shairi lenye mistari zaidi ya 400, na hadi leo Mjerumani anayesema kwamba shoka nyumbani humwepushia mtu seremala ananukuu Wilhelm Tell, mara nyingi bila kujua.

Ushairi wake uliosafiri kuliko wote ni An die Freude (Kwa Furaha) wa mwaka 1785, ambao Beethoven aliuchukua, akaupunguza na kuupangua, kisha akauingiza katika Simfonia ya Tisa iliyopigwa Vienna mwaka 1824. Desemba 1989, baada ya Ukuta wa Berlin kufunguka, Leonard Bernstein aliiongoza simfonia hiyo mjini humo na kuwaagiza waimbaji waweke neno la uhuru palipokuwa na furaha. Mwaka 1985 viongozi wa Jumuiya ya Ulaya waliuchagua muziki huohuo kuwa wimbo wao, bila maneno, kwa sababu ya wingi wa lugha zao. Schiller pengine asingelalamika: mwaka 1800 alimwandikia rafiki yake Körner kwamba shairi lile ni baya.