Simu ya Mama na Siri ya Mtoto

Ndugu wazazi na walezi, walimu wenzangu na wajumbe wa kamati ya shule, nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kunisikiliza.

Baadhi yenu mmeniambia pale mlangoni kwamba suala la usalama wa watoto mtandaoni haliwahusu, kwa kuwa watoto wenu hawana simu na shule haiwaruhusu kuja nazo. Ni kweli hawana simu zao, lakini mtoto wa darasa la tano anaijua namba ya siri ya simu ya mama yake, na jioni, tangu mama anapobandika sufuria hadi chakula kinapoiva, simu ile ni ya mtoto.

Mwaka jana alinijia mwanafunzi wa darasa la sita, ameshika daftari la hisabati, akasimama kando ya meza yangu mpaka wenzake wote walipotoka. Hakuwa na swali la hisabati. Mtu aliyekutana naye kwenye gemu, aliyejitambulisha kuwa mtoto mwenzake, alimwomba picha akiwa amevaa sare ya shule, akaipata, kisha akaomba nyingine bila sare. Kila ujumbe ulimalizika kwa maneno yale yale: usimwambie mama, atakunyang'anya simu. Picha ya pili mtoto hakuituma, lakini siri ile aliibeba wiki 3 nzima, kwa sababu aliamini, na hapa ndipo panaponiuma, kwamba yule mtu alikuwa anasema kweli kuhusu mama yake.

Watu wa namna hii hawahitaji kuwa mafundi wa kompyuta, kwani wanachokitegemea ni hasira yetu sisi wazazi na walimu. Mtoto aliyezoea kuona kila kosa linajibiwa kwa fimbo kabla hajamaliza kueleza, atamficha anayemdhuru ili ajiokoe na anayempenda. Ndivyo anavyonyamaza pia yule anayenyang'anywa hela ya kula na mkubwa wake nyuma ya vyoo, na yule anayeshikwashikwa na mtu mzima njiani kuja shule.

Kwa hiyo mtoto akikueleza, mwambie kwanza kwamba amefanya vema kusema. Usifute ujumbe wowote, hata kama unakuchefua. Hifadhi namba, jina la akaunti na tarehe, na usimjibu mtu huyo kwa kujifanya mtoto ili umtege. Nenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ambayo hailipiwi. Nasi walimu tusimhoji mtoto mbele ya darasa, wala habari yake isigeuke mazungumzo ya chai katika ofisi ya walimu.

Liko jambo tunalolifanya kwa nia njema kabisa. Video ya mtoto anayedhalilishwa inapoingia kwenye grupu la wazazi, tunaisambaza tukiandika kwamba ifike mbali ili wahusika wakamatwe. Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaharamisha kuchapisha picha za ngono za watoto mtandaoni, na nia njema yako haimpunguzii mtoto yule aibu ya kutazamwa na mtaa mzima. Ipeleke polisi, iishie hapo. Vivyo hivyo picha za mahafali tunazoziweka hadharani: nembo ya shule kifuani na jina la mtoto chini yake vinamweleza mgeni mahali pa kumsubiri.

Mama wa yule mwanafunzi alipofika ofisini kwangu, nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumtuliza, lakini hayakuhitajika. Aliiweka simu mezani bila kuifungua, akamvuta mwanawe karibu, akamwuliza kama alikuwa amekula.