Safari ya Kupiga Picha Hifadhi za Magharibi mwa Marekani: Hela, Makaratasi na Mwanga

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Swali ni lile lile chini ya kila video: "Nikija Marekani na kamera yangu, yale makorongo mekundu nayafikiaje, na niandae shilingi ngapi?" Leo nalijibu lote. Na kabla mtu hajaandika kwamba naringa: aliyeuliza bei lazima atajiwe bei. Nikisema jambo fulani ni kero, simtukani mtu wala nchi, nataka tu lisikukute ukiwa getini na foleni iko nyuma yako. Namna ya kupata viza siigusi, kila mtu anajua pasipoti yake inamfikisha wapi.

Kwanza, punguza hifadhi. Mnaniletea orodha ya Yellowstone, Yosemite, Zion na Grand Canyon kwa siku kumi. Kutoka Las Vegas hadi Yellowstone peke yake ni zaidi ya kilomita 1,000. Utarudi na picha za lami. Kwa siku kumi mimi ningezunguka hivi: Las Vegas hadi Zion, kama kilomita 260. Zion hadi Bryce Canyon, saa mbili za kuendesha. Bryce hadi mji wa Moab kwa barabara namba 12 na 24, hiyo ni siku nzima ukisimama kupiga picha, na utasimama. Moab unalala siku tatu, kwa sababu Arches na Canyonlands zote ziko jirani. Kisha Monument Valley, mji wa Page, Grand Canyon upande wa kusini, na kurudi Vegas. Mzunguko huo ni karibu kilomita 1,900. Ukijumlisha mizunguko ya ndani ya hifadhi, weka bajeti ya mafuta ya kilomita 2,500.

Sasa hela, na hapa ndipo roho inaponiuma kwa niaba yenu. Kuanzia 1 Januari 2026, mgeni asiyeishi Marekani, mwenye miaka 16 na zaidi, analipa dola 100 za ziada katika hifadhi 11 zenye watu wengi, juu ya kiingilio cha kawaida. Kwenye mzunguko wetu zinazohusika ni Zion, Bryce na Grand Canyon. Piga hesabu ya mtu mmoja: 100 mara tatu, na kiingilio cha gari dola 35 mara tatu, jumla 405. Kadi ya mwaka ya mgeni ni dola 250, inachukua nafasi ya hizo zote, na inakuingiza Arches na Canyonlands pia. Kwa hiyo nunua kadi. Mwenye makazi hapa kadi yake ni dola 80, ila lazima aonyeshe kitambulisho chenye picha kilichotolewa Marekani. Najua Serengeti na Maasai Mara nako mgeni hulipa zaidi ya mwananchi, kwa hiyo sisemi ni uonevu. Nasema tu iingie kwenye bajeti kabla hujanunua lenzi mpya. Na mageti mengi hayapokei noti, ni kadi ya benki tu.

Kadi hiyo haifanyi kazi kila mahali, wengi hukwama hapo. Monument Valley na Antelope Canyon ni ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huku, wana viingilio vyao. Horseshoe Bend, pale Page, maegesho ni ya manispaa, nayo unalipia mbali. Antelope Canyon huingii bila kiongozi, unaweka nafasi mapema, na stendi ya kamera hairuhusiwi. Usibishane na kiongozi. Pandisha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) hadi 1600, shika kamera kwa mikono miwili, na funga lenzi moja pana ukiwa bado nje, maana mchanga unadondoka kutoka juu na ukifungua kamera mle ndani umeharibu kihisio (sensor).

Gari: kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, na zinazuia kiasi fulani cha pesa hadi urudishe gari. Chini ya miaka 25 unaongezewa ada ya kila siku. Ukilichukua mji mmoja na kulirudisha mwingine, ada nyingine. Ndiyo maana nimewapa mzunguko unaoanzia na kuishia Vegas. Soma mkataba kuhusu barabara za vumbi, kwa kawaida bima haizigusi. Leseni ya udereva ya kimataifa ichukueni huko nyumbani, huku hamtapewa.

Halafu saa. Majira ya joto jimbo la Utah (Zion, Bryce na Moab) liko mbele ya Nevada (Las Vegas) na Arizona (Page na Grand Canyon) kwa saa moja. Arizona haibadilishi saa, lakini Wanavajo walioko ndani ya Arizona wanabadilisha. Monument Valley inafuata saa ya Wanavajo, Page inafuata ya Arizona. Simu inaruka huku na huku kulingana na mnara ilioushika. Ukiweka nafasi ya Antelope, uliza ni saa ya wapi, kisha andika kwenye karatasi.

Mwanga sasa, ndiko nilikotaka kufika. Sisi wa karibu na ikweta tumezoea jua la saa kumi na mbili mwaka mzima. Kusini mwa Utah, Juni linachomoza kama saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa tatu usiku. Desemba linazama saa kumi na moja na robo jioni. Juni usingizi ni mfupi mno. Kwa mtu wa mandhari napendelea mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Mwanga unalala chini kwa muda mrefu kuliko nyumbani, lile jua letu la kudondoka ghafla hulioni huku.

Bryce ni ya asubuhi. Bonde linatazama mashariki, jua la chini linapenya nyuma ya nguzo za mawe na nguzo zinaangaziana. Tumia lenzi ndefu ya milimita 70-200, lenzi pana inazifanya nguzo kuwa ndogo. Uko mita 2,400 na zaidi juu ya usawa wa bahari, baridi inamaliza betri, weka ya akiba mfuko wa ndani wa koti. Mesa Arch, tao la mwamba ndani ya Canyonlands, fika saa nzima kabla ya mawio, stendi zinabanana. Lenzi ya milimita 16 hadi 20, f/16 (tundu dogo la lenzi), na piga picha tatu kwa mwangaza tofauti uziunganishe baadaye, kwa sababu giza la tao na mwanga wa bonde haviingii katika picha moja. Ule wekundu wa chini ya tao ni mwanga unaorudishwa na ukuta wa mwamba, haukai sana. Delicate Arch, tao la hifadhi ya Arches, ni ya jioni: kilomita 4.8 kwenda na kurudi, mwamba mtupu, maji lita mbili, tochi ya kichwani ya kurudia. Tochi hiyo usiimulike kwenye tao ili kupiga picha ya usiku, Arches na Canyonlands wamekataza.

Mnaotaka Njia Nyeupe (Milky Way, ule mkanda wa nyota): kule Dar kitovu chake kinapanda juu sana angani, Utah kinaishia nyuzi 23 hivi juu ya upeo wa kusini. Kwa hiyo tafuta mwamba utakaousimamia ukitazama kusini, usiku usio na mwezi. Anza na f/2.8, sekunde 20, ISO 3200.

Vibali: tangu sheria ya 4 Januari 2025, kundi lisilozidi watu watano, vifaa vya kubebwa mkononi, mahali palipo wazi kwa wote, halihitaji kibali cha kupiga picha wala video katika hifadhi za taifa, hata ukiuza. Ardhi ya Wanavajo ina sheria zake. Picha za biashara zinataka kibali chao. Na viza ya utalii haikupi ruhusa ya kuchukua kazi ya malipo huku. Droni iache nyumbani: adhabu inafika faini ya dola 5,000 na miezi sita jela.

Haya ni kwa macho yangu na mfuko wangu, mwenzangu anaweza kupanga tofauti na akawa sahihi. Niandikie mwezi unaokuja, mko wangapi, na lenzi ulizonazo. Wanaoniandikia "nipangie" bila hayo matatu, siwezi kuwajibu.